MSHIKO WA UBONGO HAUNA POSHO!

HAPA mjini ukitamka tu neno semina, swali la kwanza ni moja: posho shilingi ngapi? Watu wanakwenda kujifunza nini, hilo halimhusu mtu. Ndiyo maana leo nawaletea habari za semina ambazo mshiko wake upo kweli, tena wa wafadhili wa kimataifa, lakini ukiufuata kwa tamaa ya bahasha utarudi na njaa yako vilevile. Ni shule za kusomea ubongo.

Usicheke. We si unaishi Bongo? Mji ulipewa jina hilo kwa kuwa bila kuchemsha bongo hapakaliki. Basi kuna watu ambao kazi yao ni kuuchunguza huo ubongo wenyewe: unakumbuka vipi, unalala vipi, kwa nini mwingine anaanguka kifafa. Sisi tulioishia Form Four tulikariri serebramu, serebelamu na medula oblongata, mtihani ukapita, habari ikaishia hapo. Kumbe kichwani mwako humo mna seli za neva zipatazo bilioni 86!

Sasa mshiko unatoka wapi? Mmoja wa watoaji ni Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Ubongo, IBRO kwa kifupi, lililoanzishwa mwaka 1961. Kwa miaka mingi limekuwa likichangia shule za muda mfupi kwa watafiti vijana, Afrika ikiwamo. Huku kwetu wataalamu wana chama chao, SONA, kilichozaliwa Nairobi mwaka 1993.

Fedha hizo hazigawiwi kama pipi. Anayetaka kuandaa shule anaandika maombi: atafundisha nini, walimu ni akina nani, wanafunzi wangapi, watoke nchi gani, na kila shilingi itakwenda wapi. Maombi yanashindanishwa. Akipata, fedha inakwenda kwenye nauli, malazi, chakula na vifaa vya maabara. Hapo kwenye kitabu cha hesabu, mfuko wako wa shati haumo.

Tazama mfano wa jirani zetu Uganda. Mwaka 2011 Sadiq Yusuf, Lucia Prieto-Godino na Tom Baden walianzisha shule ya namna hiyo Ishaka, magharibi ya nchi hiyo, kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala. Jumuiya yao inaitwa TReND in Africa, na walimu wake wanajitolea. Mnyama waliyemtumia kufundishia, mshikaji wangu, ni inzi! Wale wadogo wanaozengea ndizi mbivu jikoni kwa mama.

Kwa nini inzi? Kwanza ni rahisi. Chakula chake kinapikwa kwa unga wa mahindi, hamira na sukari, na kwa siku kama kumi tu yai limekuwa inzi kamili. Pili, kama robo tatu ya jeni zinazohusika na magonjwa ya binadamu zina ndugu zake kwa inzi. Mwaka 2017 Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua, kwa kutumia inzi, jinsi inavyofanya kazi saa ya mwilini inayotuamuru tulale na tuamke. Mwaka 2024 wanasayansi walitoa ramani ya ubongo mzima wa inzi jike, seli zaidi ya 139,000.

Hata vifaa vimetafutiwa ujanja. TReND hukusanya mashine ambazo maabara za Ulaya na Marekani hazizitumii tena na kuzileta vyuo vya Afrika. Baden na wenzake wakabuni pia hadubini ya kuchapishwa kwa plastiki, gharama yake chini ya Euro 100.

Pengine unasema, mimi yananihusu nini? Nenda Mahenge, mkoani Morogoro. Miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alifungua huko kliniki ya kifafa, akaandika habari za watoto wanaotikisa vichwa kama wanaosinzia. Baadaye ugonjwa kama huo ukawakumba watoto wengi wa kaskazini ya Uganda, na watafiti wameona una uhusiano na usubi. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 80 ya wenye kifafa wanaishi nchi za kipato cha chini na cha kati. Wagonjwa wako kwetu, wanaosingiziwa mashetani wako kwetu, lakini maabara kubwa ziko kwao. Kijana akifundishwa hapa hapa Ishaka, hahitaji viza ya Ulaya wala tiketi ya ndege ya bei mbaya, na gonjwa analolisomea liko jirani na kwao.

Linaloniuma ni moja: bahasha ni ya watu. Siku mfadhili akisema basi, shule imekwisha. Nchi za Afrika zilikubaliana kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti, na mwaka 2007 huko Addis Ababa wakuu wakahimizana tena. Nyingi hadi leo hazijafika hapo. Fedha ya semina za kukaa hotelini kunywa soda huwa inapatikana, lakini ya kununua hamira ya inzi inakuwa kasheshe!

Kwa hiyo, dada yangu, kaka yangu uliyeko chuoni, ukisikia tangazo la shule hizi usiulize posho. Uliza utarudi na nini kichwani. Wenzio wanafuga inzi wapate ujuzi, wewe umekaa kijiweni unawafukuza kwa gazeti. Shauri yako!