Ndanda Ilipopanda Ligi Kuu

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Na wewe mwenye mpira, acha kuudunda kwanza, maana habari yenyewe ni ya mpira. Leo nawasimulia jinsi Ndanda, timu ya hapa kwetu Mtwara, ilivyochukua ubingwa wa kundi lake msimu wa 2013/14 na kupanda Ligi Kuu. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mnabebwa mgongoni.

Mkisikia neno bingwa mnawaza kombe linanyanyuliwa juu na wachezaji wamevaa medali. Ubingwa ninaousema mimi ulikuwa wa namna nyingine. Ligi Daraja la Kwanza wakati ule iligawanywa makundi matatu, A, B na C. Ndani ya kundi kila timu inakutana na mwenzake mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini. Ukishinda unapata pointi tatu, ukitoka sare unapata moja, ukifungwa unarudi mikono mitupu. Mwisho wa msimu anayeongoza kundi ndiye anayepanda, mmoja tu. Wa pili hata kama amezidiwa pointi moja anabaki palepale, na mwakani anaanza upya kama vile hakufanya kitu. Kwa kweli ni utaratibu mkali. Timu inaweza kucheza vizuri miaka na miaka na isipande, kwa sababu kila mwaka yupo mmoja aliyecheza vizuri zaidi.

Msimu ule waliopanda ni Ndanda, Polisi Morogoro na Stand United ya Shinyanga.

Jina la Ndanda mnalijua. Ni kule wilaya ya Masasi, penye misheni ya watawa wa Kibenediktini na hospitali yao kubwa. Timu ikabeba jina hilo lakini makazi yake yakawa Mtwara mjini, na mashabiki wakajiita Wanakuchele. Zamani mji huu uliwahi kuwa na timu nyingine Ligi Kuu, Bandari. Baada yake ikapita miaka ambayo mtu wa Mtwara akitaka kuiona Simba au Yanga kwa macho yake ilibidi apande basi.

Basi hilo ndilo nataka mlielewe, maana hapo ndipo ugumu wa timu za kusini unapoanzia. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi. Mnapita Mikindani, mnapita Mingoyo na Lindi, mnakwenda mpaka Nangurukuru, Somanga, kisha daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji. Daraja lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo mlivuka kwa kivuko, na kikiharibika mnalala hapohapo mtoni na mbu. Hata baada ya daraja, kipande cha kutoka Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kilitesa watu miaka mingi kabla ya lami kukamilika. Mvua za masika zikinyesha, malori yalinasa kwenye tope na mabasi yakapanga foleni nyuma yake, abiria wakishuka kusukuma.

Sasa kundi la Ndanda lilikuwa na timu kadhaa za Dar es Salaam. Timu ya Dar ikicheza na mwenzake wa Dar, wachezaji wanatoka kwao mchana, wanacheza, na jioni wanakula chakula cha mama zao. Vijana wetu kwa mechi hiyohiyo ya dakika 90 walikaa kwenye kiti cha basi kutwa nzima, wakashuka miguu imevimba, na kesho yake wakatakiwa wakimbie. Halafu kuna nauli, kuna chakula, kuna malazi, na klabu ndogo haina fungu la uhakika. Timu iliyoshinda kundi katika hali hiyo, mimi naipa heshima kubwa kuliko tajiri aliyenunua wachezaji akashinda akiwa kwao.

Nyumbani kwao ni pale Nangwanda Sijaona. Uwanja umepewa jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mwanasiasa wa kusini aliyekuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere na kiongozi wa vijana wa TANU. Siku ya mechi watu walitoka Mikindani, Naliendele, Madimba, hata Msimbati huko karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Mvuvi akiuza samaki wake mapema alikuja na bodaboda moja kwa moja uwanjani, shati bado lina magamba. Akina mama wanauza korosho za kukaanga kwenye vifuko vidogo, moto moto, chumvi imeshika kidogo. Unanunua kifuko, unakaa juani, na timu yenu ikikosa bao unasahau kutafuna.

Septemba 2014 Ndanda ikaenda kucheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu. Ratiba ikawapeleka Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, kukutana na Stand United kwenye uwanja wa Kambarage. Wote wawili wageni wa ligi. Ndanda ikashinda 4-1. Mtwara watu hawakulala.

Lakini ligi ni ndefu. Timu zilikuwa 14, kwa hiyo kila moja ilicheza mechi 26. Furaha ya mwanzo ikapungua. Januari 2015 Simba wakaja Nangwanda wakashinda. Na hapa nikwambieni jambo lililonigusa kuliko matokeo. Mtwara, kama miji yote ya Tanzania, watu wamegawanyika tangu tumboni: huyu Simba, yule Yanga, na ndani ya nyumba moja baba na mwana hawasemezani siku ya watani wa jadi. Ndanda ilipopanda, mtu aliyevaa jezi nyekundu maisha yake yote akajikuta anawazomea Simba. Kwa mara ya kwanza alikuwa na timu inayomhusu kwa mahali alipozaliwa. Wapo walioshindwa, wakakaa upande wa wageni. Siwalaumu, mapenzi ya utotoni hayafutiki kwa msimu mmoja.

Mei 9, 2015 ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Yanga walikuja Nangwanda wakiwa tayari mabingwa wa nchi. Ndanda ilikuwa bado kwenye hatari ya kushuka daraja, kazi yote ya miaka ipotee baada ya msimu mmoja tu. Ndanda ikashinda 1-0. Walioshuka mwaka ule ni Polisi Morogoro, wale waliopanda pamoja nasi, na Ruvu Shooting. Sisi tukabaki.

Mkubwa wenu mmoja aliniuliza kama Ndanda ilifanya kama Leicester City ya Uingereza. Swali zuri. Leicester nao walipanda 2014 wakiwa mabingwa wa daraja la pili, nao wakaponea chupuchupu kushuka 2015, na mwaka 2016 wakawa mabingwa wa Uingereza. Mwanzo wa safari zao unafanana kabisa na wa Ndanda. Mwisho haukufanana. Leicester walikuwa na mmiliki mwenye fedha nyingi. Ndanda kila msimu ilipigana isizame. Ilicheza Ligi Kuu misimu sita mfululizo, na mwaka 2020 ikashuka, pamoja na Alliance, Lipuli na Singida United.

Msimu huohuo wa 2019/20 majirani zetu Namungo wa Ruangwa, mkoa wa Lindi, walikuwa ndiyo kwanza wamepanda. Wakashika nafasi ya nne, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani na kufungwa na Simba 2-1, kisha wakaenda mashindano ya Afrika na kuingia hatua ya makundi. Kwa hiyo barabara ileile ndefu ya kusini imeendelea kupitisha timu za Ligi Kuu, kwenda na kurudi.

Misimu sita si kitu kidogo. Wapo vijana wa hapa ambao utoto wao wote waliiona Ligi Kuu bila kuvuka Rufiji.

Haya, mpira wenu huo, chukueni. Na siku timu ya Mtwara ikicheza pale Nangwanda, hata kama ni daraja la chini na majukwaa yana nafasi, mwombeni baba au mjomba awapeleke. Nendeni mapema, kaeni upande wa nyumbani, mshangilie mpaka filimbi ya mwisho.