Enola Holmes 2: Kitendawili cha kiberiti kinachomgusa mfanyabiashara wa mpakani

MFANYABIASHARA anayepita Namanga, Busia au Rusumo anajua adha ya kuzuiwa kwa sababu katoni moja haina alama ya ubora. Filamu ya Enola Holmes 2 haizungumzii mipaka hata kidogo, lakini historia iliyo nyuma yake inaonesha kwa nini serikali zilianza kuhoji kilichomo ndani ya bidhaa.

Filamu hiyo iliyoongozwa na Harry Bradbeer ilianza kuoneshwa Netflix Novemba 4, 2022. Enola, anayeigizwa na Millie Bobby Brown, ni mdogo wake Sherlock Holmes, mpelelezi mashuhuri wa hadithini. Amefungua ofisi yake ya upelelezi jijini London, lakini wateja wakiingia na kukuta msichana, wanaghairi. Wengine wanamuulizia kaka yake.

Akiwa karibu kufunga ofisi, anaingia Bessie, mtoto anayefanya kazi katika kiwanda cha kiberiti. Hana fedha za maana. Anachotaka ni kutafutiwa dada yake, Sarah Chapman, aliyetoweka.

Enola anajipenyeza kiwandani kama kibarua. Wasichana wanakufa, na wanaambiwa kuwa chanzo ni homa inayoenezwa na chawa. Anachunguza na kubaini kwamba vichwa vya njiti vilivyokuwa vyekundu sasa ni vyeupe, na kurasa za daftari la ofisi zimechanwa. Kuanzia hapo upelelezi unageuka kuwa hesabu ya biashara: malighafi ya bei nafuu imeongeza faida, na anayelipa tofauti ni kibarua.

Sarah Chapman hakubuniwa. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo wa Julai 1888 katika kiwanda cha Bryant & May, mashariki mwa London, ambapo wanawake na wasichana wapatao 1,400 waliacha kazi. Fosforasi nyeupe iliyotumika kutengeneza njiti iliozesha mifupa ya taya za wafanyakazi.

Hata hivyo, filamu imerahisisha mambo. Mgomo halisi haukuanzishwa na mpelelezi. Wafanyakazi walikuwa wamechoshwa na ujira mdogo na faini zilizokatwa kwa makosa madogo. Mwanaharakati Annie Besant alipoyaandika hayo gazetini, uongozi ulitaka wafanyakazi watie saini kuyakanusha. Walikataa, mwenzao akafukuzwa, na wenzake wakatoka.

Katika wiki chache kiwanda kilikubali kufuta faini na kutenga chumba cha kulia, ili chakula kisiliwe mahali penye sumu. Wanawake hao pia waliunda chama chao cha wafanyakazi.

Sumu yenyewe ilichukua muda mrefu zaidi kuondoka. Mwaka 1891 Jeshi la Wokovu lilifungua kiwanda kilichotumia fosforasi nyekundu, iliyo salama zaidi, lakini kiberiti chake kiliuzwa ghali. Bryant & May iliacha fosforasi nyeupe mwaka 1901.

Mwaka 1906, mkataba uliosainiwa Bern, Uswisi, ulipiga marufuku kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza kiberiti cha aina hiyo. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1908, ikaanza kutumika 1910, miaka 22 baada ya mgomo. Bila kuzuia uingizaji, nchi iliyokataza sumu ingezidiwa sokoni na jirani anayeendelea kuitumia.

Hoja hiyo haijazeeka. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, sheria ya viwango ya mwaka 2006 iliweka msingi wa bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama kutambuliwa katika nchi nyingine za jumuiya. Kwa mwenye mzigo, alama hiyo ni kinga dhidi ya kupimwa upya kila mpaka. Kwa mnunuzi, ni ahadi kwamba bei nafuu haikutokana na sumu.

Kwa familia, filamu inafaa zaidi vijana kuliko watoto wadogo, kwa kuwa ina mapigano na vifo. Inachangamsha, na Enola huzungumza moja kwa moja na mtazamaji kana kwamba wamekaa naye sebuleni. Mzazi anayeuza bidhaa za viwandani atakuwa na jibu zuri mtoto atakapomuuliza kwa nini hugeuza kila pakiti kutafuta alama kabla ya kununua.