Taarifa Zinazotolewa na Kompyuta kwa Saa Maalumu

Katika msimu wa alizeti, dengu na ufuta, katibu wa chama cha msingi mkoani Singida hukabiliwa na kazi mbili zisizopatana: kusimamia mizani mchana, na kuandaa taarifa za mapokezi usiku. Hiyo ya pili yaweza sasa kukabidhiwa kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imekwisha kuanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, na vyama vimeanza kuzoea kuingiza takwimu zao humo. Chama ambacho hesabu zake za ghala zimo katika kompyuta chaweza kwenda hatua moja zaidi, yaani kuiagiza itoe taarifa yenyewe.

Yafaa kwanza kutofautisha mambo mawili. Dashibodi ni ukurasa wa kompyuta unaokusanya pamoja kilo zilizopokelewa, fedha zilizolipwa na madeni ya wanachama. Tarakimu zake hubadilika kila karani anapoingiza uzito mpya. Jambo hilo humfaa meneja, lakini haliufai mkutano mkuu wala mkaguzi kutoka COASCO, kwa sababu kilichosomwa asubuhi sicho kitakachosomwa jioni. Ndiyo maana hutolewa nakala isiyobadilika, katika faili la aina ya PDF. Aina hiyo ilibuniwa na kampuni ya Adobe ya Marekani mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa. Ukurasa wake huonekana vilevile Kiomboi na Dodoma, katika simu au katika karatasi.

Programu huelezwa mambo manne: kipindi cha taarifa, vituo vinavyohusika, saa ya kuitoa, na watu wa kupelekewa. Baada ya hapo hapana mtu anayebonyeza kitu.

Katika saa ndipo penye mtego, na mtego wenyewe ni wa Waswahili hasa. Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Karani anayetaka taarifa ya Ijumaa saa 12 jioni, akaandika 12:00, ataipata saa 6 mchana. Alipaswa kuandika 18:00. Mkulima aliyepima kilo 340 za dengu alasiri ile hamo katika orodha. Ikiwa malipo yatafuata orodha hiyo, atasimama mlangoni na stakabadhi yake mfukoni akiambiwa kwamba jina lake halipo. Isitoshe, mitambo mingi inayohifadhi takwimu mbali hufuata saa za Greenwich, zilizo nyuma ya saa za Tanzania kwa saa 3. Kwa mtambo wa namna hiyo, 18:00 yake ni saa 3 usiku hapa. Fundi aulizwe mapema ni saa za wapi zinazofuatwa.

Kuna pia vijiji ambavyo mtandao hukatika, na mizani ya Ijumaa ikaingizwa Jumamosi. Dawa yake ni ndogo: ukurasa wa kwanza uonyeshe tarehe na saa taarifa ilipotolewa, pamoja na siku ambayo kila kituo kiliingiza takwimu zake mara ya mwisho. Jedwali nalo lihesabiwe. Baadhi ya programu huchapa mistari inayoonekana katika kioo tu. Basi jumla ya juu husema wakulima 240, huku majina yaliyochapwa yakiwa 100.

Lakini lipo jambo zito kuliko hayo. Katibu aliyekuwa akinakili leja kwa mkono alikuwa, bila kuitwa hivyo, mkaguzi wa kwanza. Akiona kilo 4,500 za alizeti kwa mkulima wa eka 2, kalamu yake ilisimama, akarudi kwenye stakabadhi na kukuta ni 450. Kompyuta haishangai. Sifuri iliyozidi itachapwa kwa unadhifu uleule na kusambazwa kwa wote kabla ya mtu yeyote kuiona. Kwa hiyo si vema taarifa iende moja kwa moja kwa wanachama. Iende kwanza kwa katibu na mjumbe mmoja wa bodi, wachague stakabadhi kadhaa za mizani na kuzilinganisha na orodha, kisha waweke sahihi. Kazi hiyo ya saa moja ndiyo iliyobaki ya zile za usiku kucha, na hiyo haifai kuachiwa mashine.

Mwisho ni majina. Orodha yenye namba za simu na malipo ya wakulima inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, wala si karatasi ya kutupwa katika kundi lolote la simu. Wapokeaji wapitiwe upya kila bodi mpya inapochaguliwa. Vinginevyo katibu aliyekwisha kuondoka ataendelea kupelekewa hesabu za chama kila Ijumaa, mpaka mtu akumbuke kulifuta jina lake.