Nanga Yataka Watu

Aliyekulia Bukoba au Muleba huenda alikuwa akiusikia utenzi wa Mugasha, mungu wa Ziwa Victoria, hata kabla hajajua kusoma. Ndiyo maana wengi wetu hatuusikilizi tena. Tunauacha upite redioni kama taarifa ya hali ya hewa.

Nanga, kwa asiyeifahamu, ni gogo lililochongwa kama sinia refu. Uzi mmoja hupitishwa huku na huko kwenye meno ya kingo zake mpaka zipatikane nyuzi saba au nane. Sauti yake ni ndogo, hivyo studioni kipaza sauti husogezwa karibu na kila kitu husikika safi. Lakini mwimbaji hapo ana fundi mitambo na saa ya ukutani tu, basi hufupisha.

Hivi karibuni nimeazimwa kanda ya zamani iliyorekodiwa uani, kwenye harusi moja huko Muleba. Nanga karibu imezwe na watu. Wanaitikia, wanapiga vigelegele, na mzee mmoja anaangua kicheko. Mwimbaji hapiti. Anarudi palepale, polepole zaidi, akiongeza maneno ambayo mimi, kwa miaka yote kazini, sikuwahi kuyasikia. Sehemu inayokwisha haraka redioni hapa inakawia mpaka ua wote unanyamaza.

Wataalamu wana maelezo yake. Milman Parry aliwarekodi waimbaji wa Yugoslavia miaka ya 1930, na mwaka 1960 mwanafunzi wake, Albert Lord, akaeleza kwamba mwimbaji wa tendi hakariri, bali hutunga papo hapo akiwa mbele ya watu. Ruth Finnegan, mwaka 1970, alitilia shaka kama Afrika ina tendi za aina hiyo. M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alimjibu kwa nanga hii hii ya Kagera, katika makala ya mwaka 1983 na kitabu cha mwaka 2002. Ushahidi ulikuwa uani kwetu.

Mashaka yangu ni kanda zenyewe. Unyevu wa ziwa huzinatisha, na wenyewe huzirekodi juu kwa muziki mwingine. Hii niliyoazimwa, utenzi unakatika upande wa pili. Badala yake kuna hotuba ya mjomba wa bwana harusi, akihesabu zawadi.