Kichwa cha Habari na Maneno Yasiyosemwa

Kichwa cha habari kina kazi mbili: kutaja jambo lililotokea na kumvuta msomaji. Kazi ya pili ikiishinda ya kwanza, habari iliyo chini yake husahauliwa, kichwa kikabaki.

Tuchukue mfano wa Uingereza. Tarehe 10 Januari, 1979, Waziri Mkuu James Callaghan alirejea London kutoka mkutano wa Guadeloupe, akaikuta nchi imo katika migomo, ya madereva wa malori ikiwamo. Uwanjani mwandishi mmoja alimwuliza juu ya vurugu zilizokuwa zikizidi nchini. Alijibu kwamba hadhani watu wengine duniani wangekubali kuwa vurugu zinazidi. Kesho yake gazeti la The Sun likachapa kwa herufi kubwa kichwa ambacho kwa Kiswahili ni: Mgogoro? Mgogoro gani?

Maneno hayo Callaghan hakuyatamka. Watetezi wa gazeti husema maana ni ileile. Sisi hatukubali: kukataa kwamba vurugu zinazidi si kukana kwamba lipo tatizo. Tarehe 3 Mei mwaka huohuo chama chake kilishindwa katika uchaguzi. Hatudai kwamba kichwa kimoja ndicho kilichomwangusha. Migomo yenyewe ilikuwa mzigo wa kutosha. Lakini Callaghan alifariki mwaka 2005, na hadi leo wako wanaoamini kuwa aliyasema kwa kinywa chake.

Hapo lawama ni ya mhariri. Katika Kiswahili hata mhariri mwaminifu aweza kupotosha, kwa sababu ya sarufi. "Waziri aondoka" ni habari. "Waziri aondoke" ni dai. Irabu ya mwisho ndiyo itenganishayo. Vitenzi vingi vyenye asili ya Kiarabu, hata hivyo, havibadili irabu hiyo. "Waziri ajiuzulu": je, ameacha kazi, au kuna watakao aiache? Mwenye kusoma habari yote atajua. Apitaye mbele ya meza ya magazeti bila kununua (nao ndio wengi) ataondoka na maana aliyoitamani, na jioni ataisimulia kuwa ni jambo lililokwisha kutokea.

Kwa hiyo twapendekeza wafasiri na wahariri waandike "amejiuzulu" ikiwa jambo limetendeka, na "atakiwa kujiuzulu" ikiwa ni dai, wakimtaja mdai panapokuwa na nafasi. Umbo la kwanza laongeza herufi mbili tu, hata safu nyembamba hulimudu.