Chakula Kutoka Ghalani

Baada ya mavuno jamaa wengi huweka magunia ya mahindi na maharagwe, wakadhani kazi imekwisha. Lakini miezi michache baadaye mahindi yamepungua, na maharagwe yangali yamejaa, kwa kuwa mpishi huona yanakula kuni nyingi. Watoto nao hula ugali mtupu siku baada ya siku. Leo twapenda kueleza namna ya kupika chakula cha kila siku kwa akiba hiyo, nayo ifike mavuno mengine.

Kwanza, tuhakikishe ya kuwa nafaka ni salama. Mahindi yasiyokauka sawasawa huota ukungu, na ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Kuyapima mahindi si kazi ngumu. Twaa chupa kavu yenye kifuniko, tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, utikise, kisha uiache robo saa. Chumvi ikinata kando ya chupa, mahindi yangali mabichi. Hayana budi kuanikwa tena. Yaliyokwisha kuota ukungu yasiliwe na watu wala wanyama.

Pili, tupime kabla ya kupika. Gunia la kilo 90, likitolewa kilo moja na nusu kila siku, litakwisha kwa siku 60. Kila nyumba ifanye hesabu yake mapema, kabla sakafu ya ghala haijaonekana.

Tatu, tujifunze kupika maharagwe. Jioni yachague, yaoshe, uyaloweke kwa maji mengi, maana yatavimba. Asubuhi mwaga maji yale, utie mengine, uyachemshe kwa moto mkali dakika kumi au zaidi. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu yakiwa mabichi, nayo huondoka kwa kutokota sana. Kisha punguza moto, uyaache mpaka yawe laini. Chumvi itiwe mwisho. Maharagwe yaliyolowekwa huiva upesi kuliko makavu, na hapo ndipo kuni zinapookolewa.

Chungu kimoja chatosha milo miwili. Mchana, sehemu moja iungwe kwa kitunguu na kuliwa kwa ugali. Jioni, sehemu ya pili ichanganywe na mahindi yaliyochemshwa, kiwe chakula kile ambacho wengine hukiita pure, wengine kande, na Wakikuyu githeri. Mchicha au majani ya kunde yakiongezwa, chakula huzidi kufaa.

Wazee wetu walichanganya vitu hivi tangu zamani, na elimu imeonyesha sababu. Mwili hujengwa kwa protini, na protini ya mahindi ina upungufu wa kitu kiitwacho lisini. Maharagwe yana lisini nyingi, ila yamepungukiwa na kitu kingine kilichomo katika mahindi. Vikiliwa pamoja, kimoja hujaza upungufu wa mwenzake, na mtoto hupata vyote viwili vya kumkuza.

Wanafunzi wasomao haya na wawasomee mama zao, kisha jioni wawasaidie kuchagua maharagwe ya kesho.