Tembe za kumbukumbu: Je, zinafaa?

Je, umri umesonga na umeanza kusahau ulipoweka funguo? Kabla hujanunua tembe za mti wa ginkgo zinazouzwa kwa ahadi ya kunoa akili, soma haya.

Nchini Marekani, watafiti waliwafuatilia watu 3,069 wa umri wa miaka 75 na zaidi, wengi wao wasio na tatizo la kumbukumbu. Takriban nusu walimeza ginkgo miligramu 120 mara mbili kwa siku. Wengine walipewa tembe za kufanana nazo zisizo na dawa. Baada ya miaka sita hivi, matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 na 2009 yalionyesha kuwa ginkgo haikuzuia maradhi ya kusahau ya uzeeni, wala haikupunguza kasi ya kufifia kwa kumbukumbu.

Isitoshe, ginkgo yaweza kuzidisha hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Ukisahau mara kwa mara, mwone daktari. Huenda chanzo ni upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi, msongo wa mawazo, au dawa za usingizi unazomeza. Hayo yana tiba. Nenda na dawa zako zote, hata zile za dukani.